Jiko la moshi la umeme: namna ya kulitawala joto unapobanika sato na sangara

Mimi ni fundi friji, karakana yangu iko Kirumba, Mwanza. Kazi yangu ya kila siku ni kutoa joto kwenye makabati. Kazi ya kuliingiza nimeipata kupitia kwa shemeji yangu, anayeuza samaki wa kubanika pale soko la samaki la Mwaloni, ambaye alikuwa amechoka kulizwa na moshi wa nusu pipa kutwa nzima. Kabati lake la umeme nililiunda nikishirikiana na fundi wa kuchomelea wa jirani: kuta mbili za bati na katikati pamba ya kioo, urefu kama mita moja, trei nne za wavu wa chuma kisichoshika kutu, na chini kabisa koili mbili za wati 1,000 kila moja. Hata hivyo, nitakayoyaeleza hapa yanafaa pia kwa jiko la dukani, lile lenye swichi ya kuzungusha na mlango wa kioo.

Wanaoniletea majiko ya aina hii husema maneno yale yale: "Fundi, jiko halishiki joto." Nikilipima, mara nyingi ni zima. Kinachotokea ni kwamba mtu ameweka nyuzi 90 tangu dakika ya kwanza, akaenda zake, akarudi jioni kukuta samaki aliyekauka ganda na kupasuka tumbo, huku nyama ya karibu na mfupa ikiwa bado mbichi. Ganda la nje likishajifunga mapema, maji ya ndani hayana pa kutokea, na samaki huyo ataanza kunuka au kuota ukungu kabla hajafika kwa mnunuzi. Kwa hiyo kutawala joto hapa maana yake ni kulipandisha kwa ngazi, kila ngazi na muda wake, na kujua wakati wote samaki mwenyewe amefika nyuzi ngapi ndani. Namba ya kwenye jiko ni ya hewa. Samaki ana namba yake.

Nyuzi zote humu ni za Selsiasi. Jiko lililotoka Marekani huandika Farenhaiti: toa 32, kisha gawanya kwa 1.8. Namba 225 inayopendwa sana kwenye mapishi yao ya nyama ni nyuzi 107, na hiyo si namba ya kumwanzia sato. Na kama jiko hilo umeletewa na ndugu, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka plagi. Likiwa limeandikwa volti 120, kuliunganisha na 230 za kwetu kunaipa koili nguvu zaidi ya mara tatu na nusu ya ile iliyoundiwa. Haitamaliza dakika nyingi. Litahitaji transfoma ya kushusha volti, yenye uwezo mkubwa kuliko wati za jiko.

Neno jingine kwa wanaotaka kubana matumizi: usigeuze friji bovu kuwa jiko la moshi. Mara kwa mara nabembelezwa nifanye hivyo, na nakataa. Ndani ya friji ni plastiki, nyuma yake ni povu, na vyote viwili havikutengenezwa kukaa kwenye nyuzi 80 kwa saa nyingi. Harufu ya plastiki iliyolegea ikishaingia kwenye samaki, hakuna ndimu itakayoitoa.

Anza na kipimajoto

Unahitaji viwili: kimoja cha hewa ya kabati, kingine cha sindano, cha kuchoma ndani ya nyama. Vyote vipime kabla ya kuviamini.

Kwanza, barafu. Jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo tu, koroga, tumbukiza sindano katikati bila kugusa glasi, subiri isimame. Inatakiwa isome 0. Pili, maji yanayochemka, na hapa ndipo wengi wa huku Kanda ya Ziwa wanapopotea. Mwanza iko karibu mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ukikuta kipimajoto kinasoma 96, kiache, ni kizima. Ukikilazimisha kisome 100 kama kitabu cha shule kinavyosema, utakuwa umekiharibu kwa nyuzi 4, na kila samaki utakayembanika baada ya hapo atakuwa nyuma ya namba unayoiona. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa mtumie 100. Nairobi ni karibu 94.

Sensa ya hewa ikae usawa wa trei, sentimita 3 hadi 5 kutoka kwa samaki, isiguse chuma, isiwe karibu na mlango wala juu ya koili. Majiko mengi ya dukani yana sensa iliyobanwa kwenye ukuta wa nyuma, na pale joto linaweza kuwa tofauti na la trei ya katikati kwa nyuzi 10 au hata 15. Ndiyo maana nasema usigombane na kioo cha jiko. Ning'iniza kipimajoto chako katikati, andika kwenye daftari kwamba jiko likisema 80 katikati ni 70, na ufanye kazi kwa namba ya daftari.

Kidhibiti cha bei nafuu

Kama jiko lako lina swichi ya kuzungusha tu, au kama ni la kuunda mwenyewe kama letu, nunua kidhibiti joto cha dijitali. Kile kinachoitwa STC-1000 kinapatikana kwenye maduka ya vipuri vya friji, na wafugaji wanakijua kwa sababu kinafungwa kwenye mashine za kutotolea vifaranga. Kinapima hadi nyuzi 99. Kwa samaki hiyo inatosha kabisa, maana hatutafika huko. Hakikisha umepewa cha volti 220, kwa sababu kipo pia cha volti 12 na sura zao zinafanana.

Kwenye vingi nilivyofunga, tundu la 1 na 2 ni za umeme wa kukiendesha, 3 na 4 za sensa, 5 na 6 za kupasha, 7 na 8 za kupoza. Ila fuata mchoro uliobandikwa juu ya kifaa chako. Hizo 5 na 6 hazitoi umeme. Ni swichi tu inayofunguka na kufunga, kwa hiyo waya wa moto wa koili ndio unaopita hapo. Watu hufunga koili moja kwa moja kwenye 5 na 6, wakaona haipati moto, wakarudisha kifaa dukani kwa ugomvi.

Rilei ya ndani, yaani hiyo swichi yenyewe, imeandikwa ampea 10. Mimi sipitishi zaidi ya wati 1,200 humo; juu ya hapo naweka kontakta, yaani swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme, na kidhibiti kinaiamrisha kontakta. Kidhibiti chenyewe kikae nje ya kabati, pembeni, sio juu, kwa sababu juu ndiko joto na lami ya moshi vinakopitia. Mwili wote wa chuma ufungwe waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Hili halina mjadala: chumvi, maji na bati ni mchanganyiko wa hatari. Kama hujui kufunga ethi, mlipe anayejua.

Mipangilio ni minne. F1 ni joto unalolitaka. F2 ni tofauti, yaani joto lishuke kiasi gani kabla koili haijawashwa tena. Mimi naweka 1 au 2. Ukiweka chini ya hapo rilei itakuwa inagonga kila mara na itakufa mapema. F3 ni ucheleweshaji wa kompresa, sisi haituhusu. F4 ni ya kusahihisha sensa, na hapo ndipo unapoingiza tofauti uliyoipata kwenye barafu.

Mwenye fedha zaidi anunue kidhibiti cha PID pamoja na rilei isiyo na sehemu inayogonga. Hicho hakisubiri joto lifike ndipo kikate; kinaanza kupunguza umeme mapema kadiri linavyokaribia. Kinashika joto ndani ya nyuzi moja. Kwa biashara kubwa kinafaa. Kwa shemeji na trei zake nne sijaona kama kinalipa gharama.

Joto linalopitiliza

Ukiweka 60, rilei itakata kwenye 60, lakini koili bado ni nyekundu na itaendelea kutoa joto. Kabati la shemeji likiwa tupu hupitiliza kwa nyuzi 8 au 9. Likiwa na kilo 10 za samaki wabichi hupitiliza kwa 3 tu, kwa sababu maji ya samaki yanameza joto. Kwa hiyo kulipima jiko tupu na kudhani umelijua ni kujidanganya. Lipime likiwa na mzigo, ukisoma kila dakika mbili tatu tangu rilei ilipokata mpaka joto lilipoanza kushuka, kisha punguza F1 kwa tofauti hiyo.

Dawa yenyewe hasa ni kupunguza wati pale zisipohitajika. Koili mbili za wati 1,000 ukizifunga sambamba, kila moja ikipata volti zote, unapata wati 2,000. Ukizifunga mfululizo, moja ikifuata nyingine, unapata wati 500. Nimeweka swichi ya kubadilisha kati ya hali hizo mbili. Ngazi za chini zinaendeshwa kwa mfululizo, koili hazifiki hata wekundu, na joto halirukiruki. Kama jiko lako lina koili moja, weka matofali mawili ya kuchoma pembeni mwa koili, bila kuigusa. Yanachelewa kupata moto, yanachelewa kupoa, na yanafuta ile mirukoruko. Watu wengine huweka sufuria ya maji kwa kazi hiyo hiyo. Kwa nyama sawa. Kwa samaki unayetaka akauke, kumwekea mvuke ndani ya kabati ni kujirudisha nyuma.

Juu ya koili weka bati la kuzuia mwali, lililoinama kidogo, na nafasi pembeni za hewa kupita. Linafanya kazi mbili. Linawazuia samaki wa trei ya chini wasichomwe na koili moja kwa moja, na linapokea mafuta. Sangara ana mafuta. Yakidondokea koili yatawaka na kutoa masizi, na masizi hayo yana kemikali za saratani kama benzopirini. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha mikrogramu 2 za kemikali hiyo kwa kilo ya samaki wa moshi tangu Septemba 2014, kwa hiyo anayefikiria soko la nje alikumbuke bati hili.

Jioni umeme ukiwa hafifu

Nguvu ya koili haishuki sawasawa na volti. Inashuka haraka zaidi. Koili ya wati 1,000 kwenye volti 230, ikipewa volti 200, inatoa wati 756 tu. Robo ya nguvu imepotea na jiko halina kosa. Saa moja hadi saa tatu usiku, mtaa mzima ukiwa na taa, pasi na majiko, kabati linaweza kukataa kupanda kabisa. Shemeji anaanza kazi asubuhi, samaki wa usiku wakishapokelewa mwaloni, na saa nane mchana anakuwa amemaliza ngazi inayokula umeme zaidi.

Uniti za LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, nazo zihesabu kwa maji, siyo kwa saa. Kugeuza kilo moja ya maji ya samaki kuwa mvuke kunataka karibu kilojuli 2,400, na uniti moja ni kilojuli 3,600. Kilo 10 za samaki wakipoteza kilo 3 za maji, hapo uniti 2 zimekwenda kwenye mvuke peke yake, kabla hujaongeza joto linalotoka kwa dohani na kuta. Hii pia inaeleza kwa nini, ukijaza kabati, namba inakwama kwenye 55 kwa muda mrefu na haitaki kusogea. Maji yanatoka, na yanatoka na joto lako. Usizungushe swichi hadi mwisho kwa hasira. Ngozi ikishakauka namba itapanda yenyewe, tena kwa ghafla, na ukiwa umeacha swichi mwisho utaunguza samaki.

Samaki wenyewe

Katika mzunguko mmoja weka samaki wa unene mmoja. Sato wa gramu 300 hadi 400, apasuliwe kwa mgongoni na kufunguliwa kama kitabu, matumbo na matamvua yatoke yote, damu ya kwenye uti wa mgongo ikwanguliwe. Sangara akatwe vipande vya unene wa sentimita 3, mabondo, yaani vifuko vya hewa vya ndani, yawe yameshatolewa (hayo yana wateja wake na bei yake). Maji ya chumvi ni gramu 80 kwa lita moja. Sato aliyepasuliwa akae humo muda wa saa 2, sangara 3, kwenye ndoo yenye barafu. Kisha suuza kwa haraka, waning'inize au wapange kwenye wavu bila kugusana. Wakigusana, pale walipogusana hapapati hewa wala moshi, na hapo ndipo uozo unapoanzia.

Ngazi ya kwanza: ngozi ikauke. Kabati nyuzi 35 hadi 40, koili kwa mfululizo, dohani wazi kabisa, tundu la hewa la chini wazi kabisa, bila kuni. Dakika 45 hadi 60. Hii ndiyo ngazi watu wanayoiruka, na ndiyo inayoamua sura ya samaki. Moshi ukikuta ngozi yenye maji unaungana na maji hayo, unatiririka, unaacha michirizi na ladha chachu. Gusa nyama kwa kidole: inatakiwa inate kidogo, ing'ae, na kidole kitoke kikavu. Haijafika hapo, ongeza dakika, usiongeze joto.

Ngazi ya pili: moshi. Panda taratibu, nyuzi 5 kila dakika 15, mpaka 55 au 60, dohani ukiifunga nusu. Kaa hapo kama saa moja, au moja na nusu kwa anayependa rangi ya kahawia iliyokolea. Kupanda taratibu kuna sababu. Protini za samaki zinaanza kukaza kati ya nyuzi 40 na 50. Ukizishtua zinajikamua kwa nguvu na kusukuma nje ule ute mweupe unaogandia juu ya minofu. Ute huo hauna madhara, ila mteja wa Mwaloni akiuona anashusha bei. Mwisho wa ngazi hii badilisha trei, ya juu ishuke na ya chini ipande. Fanya haraka, mlango ufunguke mara moja tu.

Ngazi ya tatu: kupika. Sasa koili zirudi sambamba, kabati lipande hadi 80 au 85. Choma sindano sehemu nene kuliko zote, kwa sato ni nyuma ya kichwa kando ya uti wa mgongo, bila kugusa mfupa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inataka samaki wa moshi wa moto afike angalau nyuzi 63 ndani na akae hapo dakika 30. Mimi namfikisha 68 hadi 70 ili niwe na akiba, kwa sababu samaki niliyemchoma sindano si lazima awe ndiye mnene kuliko wote ndani ya kabati. Pima watatu, kutoka trei tofauti. Na tangu ulipowasha jiko, nyama ya ndani isichukue zaidi ya saa nne kufika 60; chini ya hapo, kwenye uvuguvugu, bakteria wanazaana vizuri kuliko unavyofikiri.

Samaki anayetoka hapa ni laini, mtamu, na bado ana maji mengi. Huyo ni wa kuliwa siku hiyo au wa friji. Asidanganye mtu kwa rangi yake akamfungia safari ya basi.

Ngazi ya nne ni ya samaki wa safari, wale wanaotoka Mwaloni kwenda Rwanda, Burundi na Kongo bila barafu. Baada ya kuiva, rudisha kabati kwenye nyuzi 60 hadi 65, dohani wazi kabisa, muda wa saa 4. Kisha zima, waache wapoe usiku mzima ndani ya kabati lililofunikwa wavu wa nzi. Usiku huo maji yaliyobaki katikati yanasafiri kuelekea nje. Asubuhi utawakuta wamelainika tena juu, nawe unarudia nyuzi 60 kwa saa nyingine 3 au 4. Kulazimisha ukavu huu kwa siku moja kwa nyuzi 90 ndiko kunakozaa lile ganda nililolisema mwanzo.

Mizani ndiyo itakayokwambia umemaliza. Nyama ya sato karibu asilimia 77 ni maji. Kilo moja ya nyama ina gramu 230 hivi za vitu visivyo maji. Ukitaka abaki na asilimia 15 tu ya maji, kilo hiyo ishuke hadi gramu 270. Weka alama kwenye samaki mmoja kwa uzi, mpime kabla na baada. Mifupa na kichwa vinaongeza kidogo, ila kama kilo moja imekupa gramu 450, huyo si wa safari. Shemeji hapendi mizani. Anabonyeza samaki kando ya mfupa kwa kidole gumba na kusema, "Shem, huyu bado ana jasho," na mizani inamuunga mkono karibu kila mara. Wewe ambaye kidole chako hakijafundishwa, tumia mizani.

Moshi na joto havitaki kukaa pamoja

Jiko nyingi za umeme zinaweka vipande vya kuni kwenye kisanduku juu ya koili. Tatizo lake unaliona ngazi ya pili: kwenye nyuzi 50 koili inawaka kidogo na kuzima sana, kwa hiyo kuni hazipati moto wa kutoa moshi. Mtu anapandisha joto ili apate moshi, na samaki anaiva kabla hajanusa chochote. Tenganisha vitu hivi viwili. Moshi uwe na chanzo chake.

Njia ninayoitumia: kopo la maziwa ya unga lililochomwa moto likaondoka rangi, toboa tundu ubavuni, ingiza pasi ya kulehemu ya mafundi redio, ya wati 40 au 60, jaza vipande vidogo vya kuni juu yake, funika kwa kifuniko chenye matundu. Weka chini ya kabati. Unawasha na kuzima moshi kwa swichi yake, na joto la kabati halijui chochote. Pasi iwe mpya, isiyowahi kugusa risasi ya kulehemu. Risasi si kiungo.

Kuni: mwembe na mpera ni nzuri, na magunzi ya mahindi yaliyokauka yanatoa moshi mtulivu. Msonobari na miti mingine yenye utomvu iache. Maranda ya kwa seremala usiyachukue kama hujui yametoka kwenye mbao gani, maana humo huwa kuna mbao zilizotiwa dawa na mbao za gundi. Moshi unaoutaka ni mwembamba, wa kibuluu. Ukiona mzito mweupe, kuni ni mbichi au hewa haitoshi. Fungua tundu la chini. Na dohani isifungwe yote, hata siku moja. Moshi uliokwama unageuka lami, samaki anakuwa mweusi na mchungu. Jiko likae nje au kwenye banda lililo wazi, kwa sababu moshi huo una gesi ya kaboni monoksaidi inayoua bila harufu.

Umeme ukikatika

Kitu cha kwanza: usifungue mlango. Kabati lenye pamba ya kioo linashika joto. Kitu cha pili ni kusoma sindano. Ikiwa samaki wameshavuka 63 na kukaa nusu saa, hakuna hasara, subiri. Ikiwa mko ngazi ya tatu na bado, funga dohani karibu yote na subiri nusu saa. Umeme usiporudi na sindano ikaanza kushuka chini ya 60, hamishia trei kwenye nusu pipa la mkaa umalizie huko. Usiingize mkaa ndani ya jiko la umeme. Nyaya na sensa zitaungua. Ikiwa mko ngazi ya kwanza au ya pili na samaki wamekaa vuguvugu zaidi ya saa mbili, ndoto ya kubanika iishie hapo. Wakaange siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kuanza, hakikisha mkaa upo na LUKU ina uniti za kutosha mzunguko mzima. Uniti kuisha ni kukatika umeme kulikoandaliwa na mwenye jiko.

Kupoza na kusafisha

Samaki wapoe kabisa kwenye wavu kabla ya kufungwa. Ukimfunga wa moto kwenye nailoni, mvuke wake unageuka maji na kazi yote ya kukausha imerudi sifuri. Wafunge kwenye karatasi au matenga yenye kupitisha hewa. Mfuko usiopitisha hewa kabisa, ule wa kunyonywa kwa mashine, uwe kwa samaki wanaokwenda kwenye friza moja kwa moja. Mbegu za bakteria Clostridium botulinum hazifi kwa nyuzi 70, zinapenda pasipo hewa, na sumu yake haina harufu ya kukuonya. Baadhi ya aina zake zinakua hata kwenye friji yenye nyuzi 4, kwa hiyo friji ya kawaida haitoshi kwa mfuko wa aina hiyo.

Sensa ifutwe kila baada ya mzunguko kwa kitambaa chenye maji ya moto na sabuni ya unga. Lami ikiigandia inakuwa kama imevaa koti: inachelewa kuhisi, koili inawaka muda mrefu kuliko inavyotakiwa, na utaona joto linapitiliza tena kama mwanzo ingawa hujagusa mpangilio wowote. Kuta za ndani usizisugue mpaka ziwe nyeupe. Ondoa tu magamba ya lami yanayoning'inia. Bati la mafuta lioshwe kila siku. Kila mwezi rudia kipimo cha barafu, na ukikuta sensa imehama zaidi ya nyuzi 2, badilisha sensa yenyewe, kwa sababu inayohama hivyo itaendelea kuhama.